Kurekodi sauti, gita na ngoma mu studio ndogo ya Goma: mwongozo kamili

Ingia mu chumba chenye unataka kurekodia, simama katikati, piga makofi mara moja kwa nguvu halafu nyamaza usikilize. Kama makofi inakufa palepale uko na bahati. Kama unasikia kitu kinafuata nyuma, trrrr, sawa chuma inatetemeka, basi ile njo itaingia mu kila neno la muimbaji na hakuna plagin (kaprogramu ka kurekebisha sauti) ya kuitoa muzuri kisha. Minaanzaka hapo kila mara, hata mbele ya kufungua laptop, juu vijana wengi hapa Goma wanakuja kuniuliza ni mikro gani wanunue, na mi minawauliza kwanza: chumba chako kikoje?

Naandikia mtu mwenye iko na laptop, mikro moja ao mbili, kadi ya sauti ya USB (kasanduku kenye kanaingiza mikro mu laptop) yenye prizi mbili za mikro, kaske (ile ya kusikilizia ku masikio), na chumba kimoja. Inatosha. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu mwenye alikuwa anazunguka Afrika akirekodi muziki, alirekodi mpiga gita Mwenda wa Bayeke (Jean Bosco Mwenda) kule Jadotville, ile tunaitaka leo Likasi, akiwa safarini na mashine zake, mtu na gita yake, na mpaka leo wapiga gita wanasikiliza zile vidole wakijifunza. Kulikuwa mkono wenye unajua kazi, na mikro yenye iliwekwa fasi yake. Yote nitaandika hapa chini inarudi ku ile: fasi ya mtu, fasi ya mikro, na masikio yako, mbele ya vitufe.

1. Chumba

Nyumba ya mbao ya hapa kwetu watu wanaizarauka lakini iko na faida. Ukuta wa mbao unaachilia besi ipite inje, hauirudishi ndani sawa ukuta wa simenti ao wa jiwe la volkano, basi sauti ndani ya chumba cha mbao mara nyingi inakuwa kavu na ya kupendeza. Shida yake ni kwamba vya inje navyo vinaingia: moto (pikipiki) zikipanda barabara, chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) ikipita ku mawe, jirani akitwanga sombe (majani ya muhogo), na ile ya sombe njo mbaya kuliko zote juu inapita ku udongo, inapanda mu miguu ya meza mpaka mu stendi ya mikro, unaona mushale wa kipimo cha sauti unaruka ku skrini na hata husikii kitu. Weka stendi juu ya kipande cha godoro ao tapi ilokunjwa mara nne, ile pigo inapungua sana.

Chumba cha simenti kiko kinyume: inje kunanyamaza lakini ndani kunalia. Hapo unahitaji kitu kizito na chenye manyoya: blanketi nzito, magodoro, nguo mingi ku kamba. Tundika blanketi isiguse ukuta, acha kama sentimeta 10 kati yake na ukuta, inakamata zaidi kuliko yenye imebandikwa. Trei za mayai achana nazo, zinapunguza kidogo tu ile mlio wa juu na hazizuie sauti kutoka wala kuingia, nimeona watu wamefunika chumba kizima na jirani bado anasikia kila kitu.

Sasa hii ni ile kitu karibu kila mtu anakoseaka. Mikro mingi ya studio inasikiliza mbele na inaziba masikio nyuma. Muimbaji anasimama mbele ya mikro, basi mikro inamuangalia yeye na inaangalia pia ukuta wenye uko nyuma ya mgongo wake. Ile ukuta njo unatakiwa godoro. Watu wanawekaka povu nyuma ya mikro, wanaacha mgongo wa muimbaji wazi, halafu wanashangaa sauti iko sawa ya mu choo. Weka godoro nyuma ya muimbaji, blanketi moja moja ku pembeni zake, na ugeuze mgongo wa mikro ku ile fasi kelele inatokea, kama dirisha ya barabara. Hiyo peke yake inaweza kubadilisha kila kitu na haikulipishe hata franka moja.

Usisimame katikati kabisa ya chumba, wala mu kona. Sogea kidogo, theluthi ya chumba hivi, imba huku unatembea, utasikia mwenyewe fasi besi inajaa na fasi inatulia.

Na mvua ikianza ku mabati, simamisha kazi. Kunywa chai. Usijidanganye eti itajificha chini ya biti (mdundo wa wimbo).

2. Kura

Kura yetu, ni kusema umeme, ni ya 50 Hz, basi ukisikia mmmm ya chini yenye haiishe, ni ile, na ndugu yake wa 100 Hz. Kipimo cha haraka: chomoa chaja ya laptop, ufanye na betri peke yake. Kama mmmm imepotea, shida inatokea ku chaja ao ku waya wa ardhi, basi rekodi na betri, chaji wakati wa kupumzika. Kama haijapotea, angalia kebo ya mikro isilale pamoja na kebo ya kura, na kama lazima zikutane zikatane sawa msalaba. Groupe (jenereta) iweke mbali upande wa mgongo wa mikro, na kama uko na betri ya kutosha izime kabisa wakati wa kurekodi sauti. Simu zote mode avion, ya kwako pia, juu ile tik-tik-tik-tiriri ya simu inaingia mu kebo hata kama haijalia.

Mwenye iko na ordinateri ya meza bila betri ya akiba, weka programu ihifadhi yenyewe kila dakika moja ao mbili, na kila kisha kurekodi kipande finya Ctrl na S mbele ya kusema kitu kingine chochote. Kura ikikatika ku ubeti wa tatu hautalia.

3. Kutayarisha programu

Programu ya kurekodia: Reaper iko mwepesi na inakuachia siku 60 za kujaribu, Audacity ni ya bure, yoyote yenye unajua kutumia inafaa. Weka 48 kHz (sampuli 48,000, ni kusema vipimo vya sauti, kila sekunde) na bit 24 (usahihi wa kila kipimo). Mikro moja ni track moja (mstari moja wa sauti mu programu) ya mono, haina kushoto na kulia, usirekodi sauti ya mtu mmoja mu stereo, unajaza diski bure. Dakika moja ya mono ku hiyo kipimo inakula karibu MB 8.6, basi wimbo wa dakika 4 wenye track 20 ni kama MB 700, piga hesabu ya fasi mu diski mbele watu hawajafika.

Bafa, ile akiba ndogo ya sampuli yenye laptop inashika mbele ya kuitoa, weka 128 ao 64 wakati wa kurekodi. Ku 48 kHz, sampuli 128 ni karibu milisekunde 2.7, na kuingia na kutoka pamoja inakuwa mara mbili ao zaidi, muimbaji bado anaweza kuvumilia. Ukiiacha ku 1024 atasikia sauti yake inamfuata nyuma na ataanza kuvuta maneno. Kama laptop yako ni zaifu na inapasuka pasuka ku 128, tumia ile kitufe cha kadi ya sauti ya kusikiliza moja kwa moja bila kupita mu ordinateri. Wakati wa mixage (kuchanganya track zote) rudisha bafa juu, hapo haina shida.

4. Mikro na fasi yake

Kuko mikro ya kondensa, yenye inaomba 48V (umeme mdogo wenye unatoka ku kadi ya sauti), na kuko ya dainamiki sawa Shure SM58 na SM57 zile zinaonekana mu kila kanisa. Kondensa inasikia yote: pumzi, mate, jogoo wa jirani. Dainamiki inasikia chenye kiko karibu na inaachia vya mbali. Mu chumba cha mbao pembeni ya barabara, minachagua dainamiki bila haya, na sauti inatoka safi kuliko kondensa ya bei mu chumba chenye hakijatulia. 48V washa kisha kuingiza kebo, zima mbele ya kuitoa, na kaske ya mtu isiwe ku masikio wakati huo.

Umbali ni shibiri moja. Kidole cha gumba ku midomo, kidole kidogo ku mikro, hapo. Kwa dainamiki unaweza kukaribia mpaka nusu ya shibiri. Ukikaribia zaidi besi ya sauti inavimba, inafaa kwa mtu mwenye sauti nyembamba, inaharibu kwa mtu mwenye kifua kikubwa.

Halafu kuko P na B. Kiswahili chetu kimejaa nazo, "pamoja", "baba", "upendo", kila moja inatupa upepo. Weka mkono mbele ya midomo useme "upendo" utasikia ile upepo unapita wapi: unaenda mbele moja kwa moja, kidogo chini. Sasa pandisha mikro iwe usawa wa pua, iangalie chini ku midomo, upepo unapita chini yake. Kama huna kichujio, vuta kolan (soksi nyembamba ndefu ya wanamuke) juu ya waya ulokunjwa duara, iweke sentimeta 8 hivi mbele ya mikro, kazi inafanana na ya duka.

Karatasi ya maneno itundike usawa wa macho, nyuma ya mikro, na nguo chini yake. Mtu akishika karatasi mkononi anainamisha kichwa, koo inajifunga, na karatasi inalia. Saa, bangili, hereni ndefu, vyote ku meza. Na kitenge mpya chenye hakijafuliwa kinasemaka kila muimbaji akipumua, muombe mtu kwa heshima ajifunge kingine.

5. Gaini

Hapa nilijifunza kwa uchungu. Kulikuja Mama mmoja wa korali, ile siku alikuwa na wimbo wa kumlilia mdogo wake. Nikamuomba, Mama, jaribu kidogo mu mikro. Akasema polepole "alo, alo, Bwana asifiwe". Nikapandisha gaini (nguvu yenye sauti inaingia nayo mu kadi) mpaka mushale ukafika fasi muzuri, nikafinya kitufe chekundu. Ubeti wa kwanza ulikuwa sawa. Ku kiitikio Mama akafungua kifua, taa ikawaka nyekundu, na nikaogopa kumkatisha juu machozi yalikuwa yanashuka na alikuwa anaimba vile sijawahi kusikia mtu anaimba mu chumba kile. Kila neno kubwa lilikuwa limekatwa kichwa. Nilimwambia ukweli, nikasema Mama unisamehe, kosa ni langu. Akarudia mara mbili, ilikuwa muzuri, lakini haikuwa ile.

Basi usikubali "alo alo". Muombe mtu aimbe ile fasi ya nguvu kuliko zote mu wimbo, mzima mzima, na aimbe na muziki mu kaske juu bila muziki hatatoa nguvu yake. Mushale ukifika karibu -10 dB ku ile fasi (0 njo mwisho, hapo sauti inakatwa), acha, tena rudisha kidogo, juu siku ya kweli mtu anaimbaka zaidi kuliko ku majaribio. Ku bit 24 kuko fasi mingi sana chini, sauti yenye imerekodiwa ndogo unaipandisha kisha bila hasara, yenye imekatwa haina dawa. Mtu mwenye anaruka sana kati ya kunong'ona na kupaza, mfundishe kurudi nyuma nusu hatua ku kiitikio, waimbaji wa kanisa wengi wanajuaka hiyo tayari.

6. Kaske

Kaske iwe ile ya kuziba masikio, juu ya wazi inavuja na metronomu (ile tik tik ya kushika mwendo) itasikika mu sauti ya polepole. Muulize muimbaji: unajisikia? biti ni kubwa? Muziki ukiwa mkubwa sana mu kaske mtu anaanza kupaza na kutoka mu noti, mara nyingi anaambiwa hajui kuimba na shida ni kitufe tu. Punguza muziki, ongeza sauti yake, mtilie reverb (mwangwi) kidogo mu kaske peke yake bila kuirekodi. Wengi wanapendaka kutoa sikio moja, waachie, lakini lile sikio la kaske lenye limebaki hewani walilaze ku kichwa lisivuje, ao ulizime.

7. Kuimba yenyewe

Mpe mtu dakika kumi za kupasha koo, maji ya uvuguvugu, chai ya tangawizi kama iko. Maji ya baridi hapana. Rekodi kuanzia ule wimbo wa majaribio, usimwambie, juu mara nyingi ule wa kwanza wenye hana woga njo unabaki.

Chukua wimbo mzima mara tatu ao ine mbele ya kuanza kukata vipande. Wewe shika karatasi nyingine ya maneno na kalamu, kila mara weka alama pembeni ya mstari: muzuri, wasiwasi, rudia. Kisha mara ine utaona mwenyewe mistari miwili mitatu tu njo iko na shida, unamuomba hiyo peke yake, na unamuanzishia mstari moja nyuma ili aingie na pumzi ya kweli. Usimrudilishe mtu mara kumi na tano. Koo inachoka, na moyo nao. Akiwa amekosea mwambie kitu kimoja tu, "vuta ile A ya mwisho", usimpe hotuba.

Kisha sauti kubwa kuisha, rekodi kiitikio tena mara mbili, moja utaiweka kushoto moja kulia. Lazima aimbe kweli mara mbili, kukopi ileile haileti upana. Muombe azifiche S na T ku zile za pembeni, ao zitasikika s-s-s zikifuatana.

8. Gita

Badilisha nyuzi siku moja mbele, si ileile asubuhi, juu nyuzi mpya zinashuka shuka. Pima noti kati ya kila kipande.

Gita kavu (ile haina umeme): usiweke mikro mbele ya tundu, pale kuko bum tupu. Iweke shibiri moja na nusu, iangalie fasi shingo inakutana na mwili, karibu na freti ya 12, halafu mtu apige na wewe na kaske yako usogeze mikro sentimeta mbili mbili. Mi minafunga macho. Kuko fasi moja ambapo mbao na waya vinasikika pamoja, ukiipata bandika kipande cha skotchi chini ya stendi na chini ya kiti.

Gita ya umeme ya sebene (ile fasi ya wimbo ya kucheza, gita zikitawala) inapenda usafi. Iingize moja kwa moja mu kadi ya sauti, ufinye kitufe chenye kimeandikwa INST ao Hi-Z, bila hiyo mlio unakuwa mufu. Kama uko na ampli muzuri, weka dainamiki sentimeta 3 mbele ya kitambaa, si katikati ya spika, kidogo pembeni. Akompa (gita ya kushika mwendo) rekodi wa kwanza juu njo nguzo, kisha mi-solo (gita ya katikati), solo (gita ya kuongoza) wa mwisho, na hakikisha kila mmoja anasikia mwenzake mu kaske, zile gita zinaongea zikijibizana, ukimrekodi mtu wa mi-solo bila kumsikilizisha akompa atajaza fasi za mwenzake. Kama wimbo unachangamka zaidi ku sebene, weka alama ya mwendo mpya mu programu palepale, usiwalazimishe kukimbizana na metronomu ya ubeti.

Besi: moja kwa moja, Hi-Z, vidole visafi. Imeisha.

9. Ngoma

Ngoma ya ngozi ipashe ku jua ao pembeni ya moto kwanza, asubuhi ya baridi ngozi inalegea. Mikro moja juu, nusu mita kutoka ngozi, ikiangalia fasi mkono unapiga. Kama uko na ya pili, ilaze chini karibu na mdomo wa ngoma, pale njo kuko bum, lakini isikae katikati ya upepo. Sasa zisikilize pamoja mu mono: kama besi inapotea ukizifungua zote mbili, zinapigana, ngozi ikishuka moja inasukumwa na nyingine inavutwa. Finya kitufe cha kugeuza mu track moja, chenye alama ya Ø, besi inarudi. Sauti inatembea karibu mita 343 kwa sekunde, maana kila mita inaomba karibu milisekunde 3, basi mikro mbili za umbali tofauti zinasikia pigo moja kwa saa mbili tofauti. Hiyo njo sababu ya kusikiliza ku mono kila mara, na simu mingi za wasikilizaji wako nazo zinapiga karibu mono.

Likembe (ile ya vyuma vidogo ya kupiga na vidole gumba) iweke ku mapaja juu ya taulo, mikro nusu shibiri, upande wa vidole.

10. Korali

Watu kumi na tano, mikro mbili, wote wanataka kukaribia. Wapange nusu duara, mikro zote mbili katikati ku stendi moja, vichwa vyake karibu kugusana, moja ikiangalia kushoto moja kulia, juu kidogo ya vichwa, mbele yao mita moja na nusu ao mbili. Hapo ukuta wa nyuma yao unahitaji mablanketi mengi kuliko siku zote. Halafu usiguse gaini za mtu mmoja mmoja, huna hata kama ungetaka: sogeza watu. Papa wa besi mwenye sauti nzito hatua moja nyuma, mabinti wa sauti ya kwanza wenye haya hatua mbele, mtu mwenye anatoka toka mu noti pembeni ya mtu imara. Rekodi ubeti moja, wape kaske viongozi wawili wasikilize, wao wenyewe wataanza kusogezana, wanafahamiana kuliko wewe unavyowafahamu.

Ukitaka mikro mbali mbali, umbali kati ya mikro uwe mara tatu ya umbali wa mikro na waimbaji wake. Mita moja kwa waimbaji, mita tatu kati yao. Mu chumba changu hiyo haiingie, narudi ku ile ya katikati.

11. Mbele watu hawajaenda

Andika majina ya track palepale, "sauti kubwa 3", "akompa", si "Audio 47". Nakili folda nzima ku flash mbili, moja ibaki na wewe na nyingine aende nayo mwenye wimbo. Piga wimbo mzima ku simu yako mbele yao, sauti ya simu, kila mtu asikie kama neno lake linaeleweka, juu ukigundua kesho kwamba Mama alisema "njia" na inasikika "njaa", kumrudisha kutoka Ndosho si mchezo.

Halafu waombe wote wanyamaze wakiwa fasi zao, mikro zikiwa vilevile, urekodi sekunde 30 za chumba kitupu. Ile hewa utaitumia kuziba fasi zenye utakata kikohozi ao kiti, na kata haitasikika.